Jina la Mama Linda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimenyoa ndevu. Nimepiga shati pasi. Kuanzia leo mimi ni mtu mzito.

Sababu ni hii. Jana baada ya ibada Linda aliniita nyuma ya tangi la maji la kanisa, mahali pekee pa faragha Magongo nzima, akanieleza kauli ya mama yake. Mama Linda amesema hamwozeshi binti yake kwa mwanamume ambaye kazi yake haisemeki kwa neno moja. Dereva, neno moja. Fundi, neno moja. Hata mlevi, alisema, ni neno moja, na mtu unajua unashughulika na nani. Lakini Mramba? Wenzake wa kikundi cha akina mama wakimwuliza mkwe wake mtarajiwa ni nani, ajibu vipi?

Nimejaribu kumsaidia jibu. Mimi huwatafutia madereva wa malori mafundi. Halafu huwatafutia mafundi vipuri. Halafu wenye vipuri huwatafutia madereva. Jumamosi nauza laini za simu, na harusi ikikosa msemaji naitwa mimi. Kila nikieleza haya, chai ya mtu hupoa na mwenyewe hukumbuka ana safari.

Sasa neno limepatikana. Mwalimu! Kanisa letu lina darasa la ngumbaru, watu wazima wanaojifunza Kiingereza jioni katika ukumbi wa nyuma. Mwalimu wa zamani amehamia Voi. Tuliojitokeza kumrithi ni wawili, mimi na Elkana. Huyu Elkana ni mzee wa bara, mjane, mstaafu wa bandarini, mwenye miwani ya kusomea na miwani nyingine ya kutazamia watu. Jumamosi atakuja Bi Philister wa kamati ya elimu kututazama tukifundisha kwa zamu. Somo ni moja kwa wote wawili: jinsi ya kutofautisha nomino za kawaida na nomino za pekee katika Kiingereza. Atakayeshinda anapewa darasa. Nami nikipewa darasa, napewa Linda.

Hizo nomino sizijui vizuri. Lakini Jumamosi iko mbali na kichwa changu ni kizuri.


Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimesoma ukurasa mzima wa kitabu cha binamu yangu wa darasa la nne. Nimeelewa! Nomino ya kawaida ni kitu chochote cha aina yake: "city", "river", "teacher". Nomino ya pekee ni yule mmoja mwenye jina lake: Mombasa, Tana, Mramba. Ya kawaida huandikwa kwa herufi ndogo. Ya pekee huanza kwa herufi kubwa popote inapokaa. Basi. Jambo dogo, Waingereza wamelifanyia harusi.

Leo na kesho ni zamu yangu darasani, Alhamisi na Ijumaa za Elkana. Nilianza vizuri sana. Kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akasimama Mzee Munga, mlinzi wa ghala, mtu aliyeota mvi mlangoni pa watu. Alitaka kujua kwa nini "watchman" anaandikwa kwa herufi ndogo na "Monday" kwa kubwa. Jumatatu imelinda nini? Nikamjibu kuwa ndivyo walivyopanga wenyewe. Akasema pale ghalani kuna mbwa aitwaye Simba, na kwa hesabu yangu mbwa anapata herufi kubwa, naye anayemfunga mnyororo kila asubuhi anapata ndogo. Darasa zima likawa upande wake. Nikaahidi kulifikisha jambo hilo panapohusika.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama Linda! Leso mpya, daftari jipya, akaenda kukaa benchi la nyuma. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. "Marahaba, mwalimu," akaitika, na alivyolitamka hilo neno nilijua amekuja kulikagua kama nguo ya mtumba, kulinyoosha juani aone limetoboka wapi.

Baada ya darasa Mzee Munga alinivuta kando. Akanikumbusha, kana kwamba mimi sikuzaliwa Kaloleni, kuwa kwetu mwanamume hamtaji mama mkwe kwa jina lake. Hata kama posa haijapelekwa. Ukilitaja umemvua nguo mbele za watu, na hapo mambo yamekwisha. Nikamwambia alale salama. Jina la Mama Linda silijui. Hapa Magongo halijui mtu. Tangu Linda azaliwe watu wote wanamwita Mama Linda, na marehemu mumewe alikuwa akimwita "wewe". Nitataja vipi nisilolijua?

Elkana kaniletea chaki za rangi. Za bure, kwenye kiboksi kizuri. Mtu hagawi chaki bure. Nimeziweka mbali na chakula.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimepata mpango. Nimeupata nikioga, na sabuni ikaniingia machoni kwa furaha.

Mpango ni benchi. Wanafunzi wa kulia, upande wa barabara, wote ni nomino za pekee. Wa kushoto wote ni nomino za kawaida. Kila mtu ana neno lake moja tu la kukariri. Bi Philister akitaka nomino ya pekee, nanyoosha mkono kulia. Akitaka ya kawaida, nanyoosha kushoto. Hakuna anayehitaji kuelewa chochote, hata mimi.

Kugawa maneno hakukuwa rahisi. Achieng, anayekaanga samaki pale steji ya matatu, nilimpa "fish". Akakataa. Alisema kutwa nzima yuko na samaki, hakuja darasani kukutana nao tena, yeye anataka Kisumu. Nikampa Kisumu, akabeba mkoba wake akahamia kulia. Kijana wa gereji nilimpa "bucket", akapokea bila ubishi, Mungu ambariki. Mzee Munga nilimpa "watchman". Akasema ahsante, lakini kama ni kuchagua, atachukua "Monday", kwa sababu ndiyo inayoheshimiwa.

Nilidhani nimemaliza. Mama Linda akainua mkono.

Kumbe nilimruka kwa woga. Akauliza kwa upole, na yeye je, hana neno? Nikampa kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo, Mombasa. Akaliandika katika daftari lake taratibu, herufi kwa herufi. Kisha akauliza kama hilo ni neno lake yeye au ni neno la benchi. Swali gani hilo? Nikamwambia ni lake kabisa, mama. Akalitazama kidogo, kisha akafunga daftari.

Tukafanya majaribio. Kulia! Kisumu, Mombasa, Monday. Kushoto! Bucket, chair, river. Hakuna aliyekosea. Nilirudi nyumbani nikijisalimia njiani: Mwalimu Mramba, hujambo. Sijambo, mwalimu.


Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kiuno kinauma. Nitaeleza.

Jeshi lolote lenye akili hupeleleza adui. Jioni, Elkana alipokuwa akifundisha, nilipanga mitungi ya maji nyuma ya ukumbi, nikapanda juu yake, nikachungulia dirishani. Na niliyoyaona yamenipa moyo sana. Elkana hafundishi chochote! Anapiga soga. Anamwuliza mtu kwao wapi, mto wa kwao unaitwaje, bibi yake alimwita nani alipokuwa mdogo. Mtu akijibu, anapewa chaki, anakwenda kuandika jina hilo ubaoni mwenyewe. Watu wanacheka. Mzee Munga ameeleza habari za mto fulani mpaka akatokwa na machozi, na mto wenyewe, alisema, siku hizi hauna maji. Hakuna mpango, hakuna benchi, hakuna nidhamu. Mama Linda hakuwepo, alikuwa kwenye kikundi chake. Bahati yake, hakupoteza muda.

Nilicheka kidogo. Mtungi wa chini ukateleza. Nikaanguka katika maji machafu ambayo mtu fulani, sitaki kumjua, alikuwa ameoshea samaki.

Elkana akatoka nje na kunikuta nimelala chali. Hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Aliniuliza kama nimeumia. Akanikalisha kwenye ngazi, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, kisha akanipa karatasi za somo lake la Jumamosi, zote, kwa mwandiko mzuri. Akasema nizitumie nikipenda. Yeye kafundisha vijana wa kazini maisha yake yote, hili darasa aliliomba kwa sababu jioni nyumba yake ina kimya kingi.

Janja hiyo! Yaani mtu akupe silaha zake mwenyewe na chai juu? Mtego ulio wazi. Karatasi sikuzisoma. Nimezipeleka kwa muuza viazi karai, akanifungia viazi humo. Vilikuwa vitamu, na ukwaju wake ulikuwa mzuri.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Siku ya maandalizi. Nimeazima tai ya kijani. Nimeficha chaki zote za ukumbi, pamoja na zile za rangi, chini ya kitanda changu. Kesho Elkana atafundisha kwa kidole.

Jioni nilionana na Linda akitoka kazini kiwandani. Amechoka, lakini Linda akichoka anapendeza zaidi, macho yanakuwa na usingizi mzuri. Nilimweleza mpango wa benchi. Hakuusifu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

Kisha akaanza habari za mama yake. Kumbe mama hulala na lile daftari kando ya mto. Mwezi uliopita alikwenda kliniki, akakaa foleni tangu alfajiri. Muuguzi akaita jina lake, lile la kwenye kitambulisho. Mama hakuitika. Akaita tena. Mama akageuka na kuwatazama wenzake, anataka kuona ni nani huyo anayechelewesha watu. Akapitwa na foleni yote. Tangu siku hiyo, Linda anasema, mama amekuwa kimya, na ndipo akasema atakuja darasani.

Nikampa pole. Foleni za kliniki ni mbaya sana, nilimwambia, bora mtu aende mchana.

Linda akanitazama. Akauliza polepole kama mimi nalijua jina la mama yake. Nikacheka. Nikamwambia jamani Linda, swali gani hilo kwa mtu anayetaka kuoa kwenu? Halafu nikamwonyesha tai. Akasema ni ya kijani.


Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Kiti nimeona sikistahili.

Bi Philister alikuja mapema. Mama mnene, mpole, mtu wa bara, anayesema taratibu ili kila mtu amfuate. Akasema nianze mimi. Nikasimama na tai yangu. Nikageukia ubao. Nikakumbuka chaki ziko chini ya kitanda changu.

Elkana akanyanyuka, akatoa chaki mfukoni, akanipa. Anatembea na chaki mfukoni! Sasa mtu kama huyo utampangaje?

Haidhuru. Benchi lilikuwepo. Nikageuka kwa wanafunzi nikitabasamu, na tabasamu likanifia mdomoni. Jua la alasiri lilikuwa linapiga moja kwa moja madirisha ya barabarani. Watu wote wa kulia walikuwa wamelikimbia jua na kwenda kubanana kushoto. Kisumu alikuwa amekaa katikati ya "chair" na "river". Mzee Munga alikuwa karibu kumkalia "bucket". Kulia palikuwa na mabenchi matupu yanayoota moto.

Ningefanya nini? Nilijua mpango mmoja tu. Bi Philister akaomba mfano wa nomino ya pekee. Nikanyoosha mkono kuelekea rundo la watu na kuomba Mungu. Kijana wa gereji akasimama wima na kusema "bucket" kwa sauti iliyosikika barabarani. Bi Philister akaomba ya kawaida. Achieng akasema Kisumu. Akaulizwa kama ana hakika. Akasema mwalimu ndiye aliyempa. Mzee Munga akasema "Monday", kisha akaongeza kwamba amesema tu, haimaanishi amekubaliana nayo.

Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye tai. Bi Philister, na sitasahau upole wake, akasema tuyaache hayo ya kukariri. Tuchukue mtu mmoja aliye mbele yetu. Akamwonyesha kidole Mama Linda.

"Mwalimu Mramba," akasema, "ukiandika 'woman' hapo ubaoni, huyo ni mwanamke yeyote. Huyu hapa si yeyote. Hebu tuandikie huyu ni nani."

Nikainua chaki. Mkono ukafika ubaoni ukakaa hapohapo.

Nani? Dama? Sidi? Kadzo? Nikikisia nikapata, nimemtaja mama mkwe mbele za watu, Linda kaniponyoka. Nikikisia nikakosa, nimempa jina la mwanamke mwingine, Linda kaniponyoka mara mbili. Nikimwandika Mama Linda, huyo ni mama wa mtu, na Bi Philister ametaka mwenyewe. Nikamtazama Elkana. Alikuwa akinifanyia ishara kwa midomo, muulize, muulize. Mtego mwingine! Nisimame na tai, mwalimu mzima, nimwulize mwanafunzi wangu jina?

Nikaweka chaki chini. Nikainamisha kichwa.

"Siwezi kulitaja," nikasema.

Niliyasubiri maneno ya aibu. Hayakuja. Mzee Munga akasimama polepole, akavua kofia yake ya ulinzi, akaishika kifuani. Mama mmoja wa kwetu akatoa "eee" ndefu, ile ya kukubali. Wengine wakanong'onezana na kutikisa vichwa wakinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa Magongo. Mama Linda akajifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Nilimliza mama wa watu. Bi Philister ndiye peke yake hakuelewa. Aliniuliza kama ni malaria.

Nikaomba ruhusa kunywa maji. Nikakaa nyuma ya tangi, na zamu ya Elkana yote ikapita nikiwa huko, nahesabu makosa ya watu wengine. Mara nikasikia vigelegele ndani. Mtu anapigiwa vigelegele kwa nomino!

Achieng ndiye aliyekuja kunisimulia. Elkana alikwenda mpaka benchi la Mama Linda, akainama, akamwuliza kwa adabu mama yake mzazi alimwita nani. Mama Linda akasimama, akachukua chaki mwenyewe, akaliandika ubaoni jina lake lote, kwa herufi kubwa mahali pake, kisha akarudi nyuma hatua kidogo kulitazama. Hapo ndipo akina mama wakapasuka vigelegele.

Nikakimbia ndani. Ubao ulishafutwa. Pembeni ilikuwa imebaki herufi ya kwanza tu, N. Nusu ya wanawake wa Kilifi wanaanza na N! Nikamwuliza Achieng jina lenyewe. Akafungua mdomo kunijibu, na Mzee Munga akaingia kati na kumkataza kabisa. Akasema huyu ni mkwe, huyu hatajiwi, amejiheshimu mbele yetu na sisi tumlinde.

Basi sasa Magongo nzima inalijua, isipokuwa mimi.

Darasa amepewa Elkana. Tai nimeirudisha. Nimemkosa Linda kwa sababu ya jua la alasiri.


Jumapili, 10 Agosti 2025

Sikutaka kwenda kanisani. Nilikwenda kwa sababu nisipokwenda watu watasema sikwenda.

Nilikaa nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha nikataka kutoroka kwa mlango wa kando, Linda akanidaka mkono. Alikuwa anacheka. Nikafikiri, hata yeye. Akaniambia mama amesema nilete wazee.

Sikumwelewa. Akarudia. Wazee, wa posa. Mama amesema kazi ya Mramba bado haijamwingia akilini na pengine haitamwingia mpaka afe, lakini "mkwe" nalo ni neno moja, na wenzake wakimwuliza atawajibu hivyo.

Nilimshika Linda mikono yote miwili mbele ya mlango wa kanisa na watu wakipita. Sijui niliongea nini. Nilifurahi mpaka nikasahau kabisa kwamba nimeshindwa. Kisha akili ikanirudia, nikajitengeneza kola, nikamwambia kwa sauti nzito kwamba heshima ni heshima, mimi ni mtu wa mila, darasa linaweza kwenda lakini jina la mama halitoki kinywani mwangu.

Linda akaacha kucheka. Akanisogelea. "Mramba, mama anajua kuwa hulijui," akasema. "Chini ya ile leso alikuwa akicheka mpaka machozi yakamtoka. Anasema heri mkwe asiyejua akanyamaza, kuliko ajuaye akapayuka."

Nikaitengeneza kola upya. Yeye akaniangalia sana, kwa yale macho yake ya usingizi, akasema ni sawa tu, yeye angekubali kuolewa nami hata kama ningekuwa "bucket". Kisha akanipangusa vumbi begani na kwenda kumngoja mama yake.

Maskini Linda. Haelewi kwamba kunyamaza pale ubaoni ilikuwa hesabu. Niliyapima yote kwa sekunde moja: darasa huku, mke huku. Nikachagua. Nikiwaza sana nakumbuka hata jua nililiona mapema na kuliacha lifanye kazi yake.

Tulipokuwa tunatoka, Elkana alikuwa ng'ambo ya uwanja akizungumza na mchungaji. Akageuka na kumwita Mama Linda kwa jina lake, waziwazi, kama mtu anavyomwita mtu. Kengele ya kanisa ikalia palepale, sikusikia kitu. Lakini nilimwona Mama Linda. Alikuwa ameipa mgongo sauti hiyo, na kabla haijamaliza kumwita alikwisha geuka na kuitika, "Abee." Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Alitembea kwenda kumsikiliza kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi, akiwa amenyanyua kichwa. Nilisimama nikatazama, na kusema kweli ilinigusa, sijui kwa nini.

Elkana alikuja baadaye kunipa mkono. Akasema darasa lina watu wengi kumzidi, kama nitakubali nimsaidie wale wanaoanza, kila jioni, naye atanionyesha kazi polepole. Akasema watu wananipenda, nikiacha mipango nitakuwa mwalimu mzuri. Nikamwambia nitafikiri.


Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimefikiri. Nimemkatalia Elkana. Mtu aliyegundua njia kubwa kama yangu hawezi kukaa anafundisha watu a, e, i.

Njia yenyewe ndiyo hii. Watu wengi huanguka kwa kujibu. Wakiulizwa jambo wasilolijua wanasema neno, na neno linawaumbua. Mimi nimegundua kwamba ukiinamisha kichwa kwa adabu, usiseme kitu, watu watakuvulia kofia na kukupa mke. Sasa kama njia imefaa kwa jambo gumu kama Kiingereza na mama mkwe, kitu gani kingine kitashindikana?

Asubuhi nilimpigia mjomba Tinga kule Mwakirunge. Amekubali kuja na wazee. Aliuliza kama alete tembo la mnazi kama desturi, nikamwambia huyu mama ni wa kanisa, wazee waje na soda na nyuso za huzuni. Alilalamika kidogo kuhusu soda.

Kisha nikavuka Likoni nikaenda Shelly Beach. Nilisikia kuna hoteli pale inatafuta mtu wa kuwatembeza wageni kwenye miamba maji yakitoka, kuwaonyesha wanyama wa baharini na kuwatajia majina yao. Kazi safi, hewa nzuri, na ina neno moja tu, mwelekezi. Wanyama hao siwajui hata mmoja. Nimekulia Kaloleni, bahari niliiona nikiwa na ndevu. Lakini sikuwa na wasiwasi.

Meneja ni mama mmoja mwenye haraka. Alinipeleka mpaka majini na kuniuliza samaki yule mwenye mistari anaitwaje. Nikainamisha kichwa. Akaniuliza tena, nikashika mikono kifuani. Akaniuliza na lile dude lenye miiba, na yule kaa mwekundu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba siwezi kuwataja. Alinitazama kwa muda mrefu sana, na niliona wazi jinsi ilivyomwingia. Hakuuliza lolote tena. Akanisindikiza mwenyewe mpaka geti, jambo ambalo nadhani hawamfanyii kila mtu, akaniambia watanipigia simu.

Nambari yangu hakuniomba. Hata jina langu hakulitaka! Mpaka nashuka kwenye feri nilikuwa nalifikiria hilo, na nimeridhika kabisa kwamba yule mama naye ameelewa. Ni mtu wa heshima sana. Kesho sitoki nyumbani, nitavaa shati jeupe na kukaa karibu na simu.